Mgeni Aje, Deni Lisije

Ukiambiwa leo kwamba wageni kumi watafika kwako Jumapili ijayo, moyo wako utafanya nini? Utafurahi, au utaanza kuhesabu viti na vikombe? Wengi wetu tulio katika ndoa tunapenda wageni, lakini tunaogopa aibu. Tunaogopa kuonekana hatuna. Kwa sababu ya hofu hiyo, wengine hufunga mlango na kuwaambia watoto waseme baba na mama hawapo. Wengine hufungua mlango kwa pesa za kukopa.

Leo tutazame njia nyingine. Tutaona jinsi mume na mke wenye kipato kidogo wanavyoweza kuishi katika nyumba ya kupendeza na kukaribisha watu kwa heshima, bila kupoteza amani yao.

MAKOCHI YALIYORUDI DUKANI

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili usidhani nakunyoshea kidole. Miaka kadhaa iliyopita zamu ya kukaribisha sala za jumuiya ilifika nyumbani kwetu. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesali katika nyumba yenye makochi mapya na pazia ndefu. Nilirudi kwangu, nikatazama viti vyetu vya mbao, nikaona haya. Bila kumwambia mke wangu, nilikwenda kwa muuza fanicha, nikatoa malipo ya kwanza na kuahidi kumaliza kwa miezi sita. Mke wangu aliponiuliza, nilimjibu kwamba nimelipa yote kwa akiba yangu. Siku ya sala ilikuwa nzuri. Watu walikula, wakasifu, wakaenda zao.

Mwezi wa tatu karo ya shule ilinibana, nikashindwa kulipa. Muuzaji alikuja na mkokoteni na vijana wawili. Simlaumu, kwa maana ndivyo tulivyokubaliana. Lakini siku hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea, naye alikuwa ameketi kwenye kochi mojawapo. Ilibidi nimwombe asimame.

Usiku mke wangu aliniambia, "Baba watoto, makochi si kitu. Kinachoniuma ni kwamba wewe ulijua, na mimi sikujua." Kwa wiki nyingi tulizungumza maneno ya lazima tu: unga umekwisha, mtoto amelala, funga mlango. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa furaha ya jioni moja, nikailipa kwa ukimya wa nyumba nzima.

Zamu yetu ilipofika tena, tulitandika mikeka na kupanga vile viti vya mbao. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza makochi yalikwenda wapi.

Siku hizi mtego huu umekuwa rahisi zaidi. Zamani mkopaji alilazimika kutembea hadi dukani na kujieleza. Leo mkopo unapatikana kwa kubonyeza simu mara chache, usiku, mwenzako akiwa amelala kando yako. Ndiyo maana somo la kwanza halihusu chakula wala mapambo.

1. KETINI WAWILI KABLA YA KUMWITA WA TATU

Kila mwisho wa mwezi, mume na mke waweke mezani kile walichopata, hata kama ni kidogo. Toeni kwanza kodi ya nyumba, karo, chakula, nauli na dawa. Kisha jiulizeni: tunaweza kutenga kiasi gani kwa ajili ya wageni? Pesa hizo zitieni katika mkebe wenye jina lake, "Mkebe wa Wageni." Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ambao hakuna mgeni, pesa hubaki palepale. Mwezi wenye wageni wengi, mkebe ndio unaoamua kama mtachinja kuku au mtapika maharagwe. Mkebe ukisema maharagwe, basi ni maharagwe, wala asiwepo wa kumzunguka mwenzake.

Kubalianeni pia juu ya neno moja: hakuna anayealika watu au kukopa kwa ajili yao bila mwenzake kujua. Ukifuata sheria hii moja, hata kama utasahau mengine yote ninayoandika hapa, utakuwa umefaidika.

2. UNADHIFU NI PAMBO LA BURE

Mgeni akiingia, kabla ya kuona viti huona sakafu. Kabla ya kuonja chakula hunusa nyumba. Kwa hiyo anza na maji, sabuni na ufagio. Safisha madirisha, toa utando wa buibui darini, ondoa vitu vilivyorundikwa pembeni. Chumba kidogo kikipunguziwa vitu huonekana kikubwa. Usisahau choo. Weka hapo maji ya kunawa, sabuni na taulo safi. Wengi hupamba sebule na kusahau mahali ambapo kila mgeni atapitia.

Kuta zikichakaa, chokaa ni bei nafuu kuliko rangi, na baba na watoto wanaweza kuipaka wenyewe Jumamosi moja. Mapazia na mashuka mazuri hupatikana katika masoko ya mitumba kama Gikomba kule Nairobi au Kongowea kule Mombasa. Nenda ukiwa umepima dirisha lako, shika kitambaa na ukitazame dhidi ya mwanga usije ukanunua kilichotoboka. Chagua rangi mbili zinazopatana, uzifuate katika chumba kizima. Nyumba ya maskini yenye rangi mbili hupendeza kuliko nyumba ya tajiri yenye rangi kumi.

Tumia pia vitu vyetu. Kiondo cha mkonge kinatosha kuwekea matunda. Kibuyu kilichosuguliwa vizuri ni pambo. Chupa ya jemu iliyooshwa, ikatiwa maua kutoka kwenye ua wako, inapendeza kuliko maua ya plastiki yenye vumbi. Leso huuzwa mbili mbili. Ukizikata na kupinda ncha, moja itafunika meza na nyingine itafaa kwa vitambaa vya viti. Lakini soma jina la leso kabla ya kuitandika! Leso nyingine zina maneno ya mafumbo na vijembe, na mawifi wakija wanaweza kudhani umewatandikia makusudi.

3. MEZA YA WATU KUMI

Watu hudhani karamu bila nyama nyingi na kreti za soda si karamu. Tazama mfano huu wa watu kumi. Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo mbili hutoa chapati kama ishirini za ukubwa wa kawaida, yaani mbili kwa kila mtu. Kilo moja ya maharagwe makavu ikipikwa na viazi, nyanya, vitunguu na dania hutoa mchuzi mzito wa kuwatosha. Ongeza kabeji moja kubwa iliyokaangwa kidogo na karoti, isiive hadi ikalegea. Malizia na ndizi mbivu, papai au maembe, kulingana na msimu. Tunda la msimu huwa tamu zaidi, tena bei yake huwa chini.

Maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uyachemshe ukiwa umefunika sufuria. Yataiva mapema na kupunguza makaa au gesi. Yachemshe siku moja kabla, yakipoa uyahifadhi vizuri, kisha siku yenyewe uyaunge tu. Kwa njia hiyo hutawapokea wageni ukiwa na jasho usoni na moshi machoni.

Mkebe ukiruhusu kuku, mkate vipande vidogo na umpike mchuzi. Usihuzunike kwamba vipande ni vidogo. Miongoni mwa Waluhya, firigisi ya kuku ni kipande cha mtu wa heshima. Firigisi haijazi hata kiganja cha mtoto, lakini anayepewa hujua ameheshimiwa. Vilevile huko pwani, mgeni hupewa kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha halua, naye huondoka akiwa ameridhika. Mababu zetu walijua kwamba heshima haipimwi kwa kilo.

Na vinywaji? Jagi la maji ya ukwaju au ya ndimu, yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yanatosha. Baada ya chakula, leta chai ya maziwa yenye tangawizi, ikiwa ya moto kweli. Chai vuguvugu huonyesha kwamba mwenyeji amechoka na wageni.

4. KAZI IGAWANYWE

Wanaume wenzangu, hapa naomba mnisikilize. Tunapenda kuitwa wakarimu, lakini ukarimu wetu mara nyingi hupikwa na mtu mwingine. Tunaalika watu kumi kwa mdomo, kisha tunaketi nao sebuleni huku mama akikimbia kati ya jikoni na meza. Wageni wakiondoka, sisi tumeshiba na yeye hajaketi. Injili ya Luka inatusimulia habari za Martha, aliyelemewa na kazi za kumhudumia mgeni hadi akanung'unika mbele yake. Kila nikiisoma, najiuliza ni akina Martha wangapi wananung'unika majumbani mwetu, tena kwa haki.

Mwanamume anaweza kuchota maji, kumenya viazi, kuazima viti kwa jirani, kuwanawisha wageni mikono na kuosha sufuria. Hakuna kinachompungukia. Watoto nao wapewe kazi, mmoja apange vijiko, mwingine apokee mikoba ya wageni. Chakula kikishafika mezani, mama naye aketi. Mgeni hafurahii nyumba ambayo mwenyeji wake hana mahali pa kukaa.

5. KUAZIMA SI AIBU

Kuna tofauti kubwa kati ya kukopa na kuazima. Ukiazima sahani kumi kwa jirani, jioni unazirudisha zikiwa safi, na kesho yeye ataazima sufuria yako. Urafiki umeongezeka. Ukikopa pesa za kununua sahani kumi, kesho zinabaki sahani na deni, na sahani huvunjika kabla ya deni.

Vyama vya akina mama vimetuonyesha njia nzuri. Wanachama huchanga kidogo kidogo na kumnunulia kila mmoja vyombo kwa zamu, au hununua vyombo vingi vya pamoja ambavyo kila mwanachama huvitumia siku yake ikifika. Kama jumuiya au chama chako hakina utaratibu huu, wewe uuanzishe. Mnaweza pia kukubaliana kwamba anayekaribisha atoe chai na kitu kimoja tu cha kutafuna, iwe ni viazi vitamu, njugu au mandazi. Hapo hakuna atakayeshindana na mwenzake, na aliye na kidogo kabisa hataogopa zamu yake.

6. MGENI WA KWANZA

Namalizia na jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulijua. Katika nyumba nyingi kuna kabati lenye vyombo vizuri ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa. Vyombo hivyo hutoka mgeni akija, kisha hurudi kifungoni. Kila siku mume hunywa chai katika kikombe kisicho na mkono, na mke hula kwenye kifuniko cha sufuria. Vivyo hivyo na maneno. Mgeni huambiwa "karibu, pole na safari, keti hapa," lakini mume akirudi kazini huulizwa pesa kabla ya kuvua viatu, na mke akirudi sokoni huulizwa kwa nini amechelewa.

Mpendwa msomaji, mgeni wa kwanza wa nyumba yako ni yule uliyefunga naye ndoa. Toa vile vikombe kabatini walau kila Jumapili. Tandika kile kitambaa hata kama mtakula sukuma wiki na ugali. Mpokee mwenzako mlangoni, umwambie pole. Gharama yake ni sifuri. Nyumba iliyozoea kuheshimiana yenyewe haipati shida mgeni akibisha hodi bila taarifa, kwa sababu inamwongezea tu kikombe kimoja. Lakini nyumba inayovaa heshima kwa ajili ya wageni tu, wageni huliona vazi hilo kuwa la kuazima.

Jikune unapofikia. Karibisha watu kwa kile ulicho nacho, ukiwa umeshikana mkono na mwenzako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wazee. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anamwachia deni.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

1. Je, kuna deni au ununuzi wowote ambao mmoja wetu anaujua na mwingine haujui? Tunaweza kuambiana leo bila kugombana?

2. Tunaweza kutia kiasi gani katika Mkebe wa Wageni mwezi huu?

3. Wageni wa mwisho walipokuja, nani alifanya kazi gani? Ni kazi ipi tutaigawa upya?

4. Ni chombo gani kizuri tumewafungia wageni kabatini, ambacho sisi wenyewe tutaanza kukitumia Jumapili hii?