Elimu ya Fedha: Kabla ya Kuahidi Kakao Iliyo Bado Mtini

Kwa mkulima wa Kyela, kakao ndiyo sare ya mtoto, dawa ya mgonjwa na bati la nyumba. Lakini shida haisubiri mnada. Ndipo baadhi yetu hupokea fedha mapema kwa ahadi ya kulipa kakao wakati wa mavuno.

Kabla ya kukubali, piga hesabu. Tuchukulie umepewa shilingi 60,000 ili ulipe kilo 20 za kakao kavu. Iwapo mnadani kilo moja itauzwa shilingi 8,000, utakuwa umetoa mali ya shilingi 160,000. Mkopo huo umekugharimu shilingi 100,000, ingawa hakuna aliyetamka neno riba.

Zipo njia nafuu:

1. Malipo ya mnada yanapoingia, tenga kwanza fedha za shule, matibabu na pembejeo.

2. Jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa.

3. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huweza kuomba mkopo usio na riba, utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Muone Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

4. Ukikopa kwingine, dai kuona leseni ambayo mkopeshaji anatakiwa kuwa nayo kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usisaini mkataba usiouelewa.

Ndugu mwananchi, akiba haiozi. Anza na malipo yajayo, hata kwa kiasi kidogo.