Fahamu Maktaba Yako: Karatasi Zinazoijua Mombasa

Kila siku makanga wa matatu hunadi "Port Reitz! Port Reitz!" na abiria hupanda kwenda makwao, hospitalini au kazini karibu na uwanja wa ndege. Wakazi wengi wa Wadi ya Airport na jirani zao wa Changamwe wamelijua jina hilo tangu utotoni. Wachache wanajua kwamba Reitz alikuwa mtu, na kwamba habari zake zimo katika vitabu na shajara ambazo mkazi yeyote ana haki ya kuziulizia.

Makala haya yanaeleza ni kumbukumbu za aina gani huhifadhiwa katika maktaba za kihistoria, zinamfaa vipi mwananchi wa kawaida, na aanzie wapi kuzitafuta. Yanaeleza pia namna ya kuzitunza karatasi za zamani ambazo bado ziko ndani ya masanduku ya nyumbani.

Jina lililobaki kwenye ramani

Mwezi Februari 1824, Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alitia nanga Mombasa. Mji ulikuwa chini ya Mazrui, nao walihofia kushambuliwa na Seyyid Said, mtawala wa Omani. Waliomba ulinzi wa Waingereza, na Owen akakubali bila kusubiri idhini ya London. Alimwacha afisa wake, Luteni John James Reitz, awe msimamizi.

Reitz hakudumu. Alifariki Mei mwaka huohuo akiwa safarini kuelekea kusini mwa pwani. Mwaka 1826 ulinzi wenyewe ukakoma, kwa kuwa serikali ya Uingereza haikuuidhinisha. Lakini jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye ramani ya hori la bahari lililo magharibi mwa kisiwa, na kutoka majini likapanda nchi kavu. Hata uwanja wa ndege, uliojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa kijeshi kutoka Afrika Kusini, uliitwa Port Reitz kabla ya kupewa jina la Moi.

Haya yote yanajulikana kwa sababu watu waliandika. Safari za Owen zilichapishwa mwaka 1833. James Emery, aliyekuja kushika usimamizi baada ya Reitz, aliandika shajara ya mambo ya kila siku mjini hadi 1826, na shajara hiyo imehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa nchini Uingereza.

Upande wa wenyeji

Shajara ya mgeni husimulia aliyoyaona mgeni. Kwa bahati, Mombasa ya wakati huohuo ina shahidi mwingine, tena mwenyeji: Muyaka bin Haji, mshairi aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki 1840. Alitunga juu ya vita na siasa za Mazrui, na pia juu ya mapenzi, ndoa, njaa na masengenyo ya mtaani. Wasomi humtaja kuwa ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akaufikisha sokoni.

Mashairi yake yangeweza kupotea kabisa, kwa sababu yaliishi zaidi vinywani mwa watu. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alishirikiana na mmishonari William Taylor, ambaye aliyaandika kwa herufi za Kirumi na kuongeza maelezo. Karatasi za Taylor zikaishia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Kutokana nazo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg, na mwaka 1979 msomi wa Kenya, Mohamed Abdulaziz, akatoa kitabu chake juu ya mshairi huyo.

Mnyororo huo ni mwembamba sana. Wazee hao wangefariki kabla ya Mwalimu Sikujua kuwafikia, au karatasi zake zingelowa mvua moja tu, leo Muyaka angekuwa jina tupu.

Kadhia yake inaonyesha pia jinsi kumbukumbu za pwani zilivyotawanyika. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zimo Goa, India. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada, yaani maandishi ya mkono, ya Kiswahili na Kiarabu, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mkazi wa Mombasa anayetafuta historia ya mji wake anapaswa kujua kwamba sehemu yake iko ng'ambo. Habari njema ni kwamba miswada mingi ya SOAS imepigwa picha na inasomeka mtandaoni.

Chumba cha kusomea cha 1903

Mombasa ndiyo iliyotangulia nchini kwa maktaba za umma. Mwaka 1903 ilianzishwa maktaba yenye jina la Seif bin Salim, na jina lake kamili lilieleza kazi yake: maktaba ya umma na chumba cha kusomea bila malipo. Nairobi ilipata maktaba ya McMillan mwaka 1931, nayo kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu pekee.

Chumba cha kusomea ni mahali pa gazeti kama kilivyo mahali pa kitabu. Mwaka mmoja kabla ya maktaba hiyo kuanzishwa, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa ameanzisha hapa Mombasa gazeti la African Standard. Mwaka 1910 gazeti hilo lilihamia Nairobi, na ndilo The Standard la leo. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Sahifa. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Aliandika juu ya elimu, maadili na hali ya Waislamu wa pwani, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida aliifahamu.

Gazeti la zamani lina faida mbili. Habari kuu huonyesha yale waliyoyaona makubwa, kama vile daraja la kwanza la Nyali la mwaka 1931, lililoelea juu ya maji na kutumika hadi lilipofunguliwa hili la sasa mwaka 1980. Kurasa za ndani huonyesha maisha: bei ya vitu, ratiba za meli, matangazo ya kazi, arusi na maziko. Mara nyingi mtafiti huingia kwa ajili ya habari kuu akatoka na tangazo dogo.

Karatasi kavu zenye uzito

Karatasi isiyovutia kuliko zote huenda ikawa ndiyo inayomgusa mkazi zaidi. Gazeti rasmi la serikali lilianza kutoka mwaka 1899, wakati makao ya serikali ya kikoloni yalipokuwa hapa Mombasa. Ndani yake mna sheria, uteuzi wa maafisa, leseni na notisi za ardhi.

Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hati miliki za ardhi iliyohusu ukanda wa pwani. Aliyedai shamba alitakiwa kuwasilisha madai yake serikalini ndani ya muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Gazeti la serikali lilitoka kwa Kiingereza. Mkulima wa bara ya Mombasa aliyeishi kwenye shamba la babu yake bila karatasi yoyote angeweza kupitwa na tangazo hilo asijue kabisa. Mizozo mingi ya ardhi na uskwota inayosumbua pwani hadi leo ina mzizi katika utaratibu huo.

Matoleo ya zamani ya gazeti hilo sasa yanapatikana mtandaoni bila malipo. Ieleweke kwamba notisi ya gazeti si hati miliki, na suala la umiliki huamuliwa na ofisi ya ardhi au mahakama. Hata hivyo, familia au kikundi kinachojua notisi ilitoka mwaka gani, na ilisema nini, huingia katika ofisi hizo kikiwa na swali mahususi.

Namna ya kutafuta

Kwanza, anza na swali dogo. "Historia ya Changamwe" ni pana mno. "Mtaa wetu uliitwaje kabla ya uwanja wa ndege?" ni swali ambalo mkutubi anaweza kulifanyia kazi.

Pili, andika majina yote ya mahali unayoyajua, pamoja na tahajia za zamani. Jina Kiswahili katika kamusi ya Johann Ludwig Krapf ya mwaka 1882 limeandikwa "Suahili". Anayetafuta kwa tahajia ya leo pekee hukosa mengi.

Tatu, linganisha angalau kumbukumbu mbili. Weka shajara ya afisa kando ya shairi, na ramani kando ya maelezo ya mzee wa mtaa. Zikipingana, usiitupe moja. Andika zote mbili pamoja na tarehe zake.

Nne, andika ulikopata kila jambo: jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Bila hivyo atakayekufuata ataanza upya.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi anayeuliza haombi hisani.

Karatasi zilizo nyumbani

Hazina nyingine bado haijafika maktaba yoyote. Imo katika masanduku ya Likoni, Kisauni na Changamwe: barua za baharia, risiti za kodi, vyeti vya shule, vitabu vya mashairi vilivyonakiliwa kwa mkono na bibi, picha za arusi. Maadui wake wakubwa ni unyevu wa pwani, mchwa na haraka ya kusafisha nyumba.

Hatua chache za gharama ndogo husaidia. Ondoa karatasi sakafuni na mbali na ukuta unaolowa. Usizianike juani, kwani wino hupauka na karatasi hukauka na kuvunjika. Usigundishe mpasuko kwa selotepu wala usiipige laminesheni nakala halisi, kwa kuwa hilo halitenguliki. Andika majina ya waliomo pichani kwa penseli, nyuma ya picha, wakati anayewatambua angali hai. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu na uhifadhi nakala mahali pawili.

Kutoa nakala kwa maktaba hakumwondolei mwenyewe mali yake. Mazungumzo yanaweza kuhusu nakala pekee, na familia ikabaki na karatasi yake. Na kwa anayeona sanduku lake halina chochote cha maana, akumbuke kwamba risiti na ratiba za meli nazo zilionekana hivyo siku zilipotolewa.