Shilingi ya Julai, mbolea ya Novemba

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yameanza kuingia ghalani, magari ya wanunuzi yanapita vijijini, na fedha inashikika. Wakati huu unanitia hofu kuliko ukame, kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho.

Chukua mfano. Julai umeuza magunia 20 kwa shilingi 60,000 kila moja, ukapata 1,200,000. Siku hiyo mfuko wa mbolea ya kupandia ni 75,000, kwa hiyo mkononi una thamani ya mifuko 16. Fedha ukaihifadhi, hukuigusa. Novemba mvua inanukia, unafika dukani unakuta mfuko ni 85,000. Fedha ni ile ile, lakini sasa inanunua mifuko 14 tu na chenji kidogo. Kama unatia mfuko mmoja kwa ekari, ekari mbili zitapandwa bila mbolea, na hakuna mwizi aliyeingia ndani.

Wazee wanaukumbuka vizuri ugonjwa huu wa shilingi kupungua nguvu. Shilingi yetu ilipoanza kutumika mwaka 1966, noti ya 100 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Leo 100 ni sarafu.

Utaniambia kwamba redio inasema mfumuko wa bei uko chini. Ni kweli, na takwimu hizo si za uongo. Ila zinapima kapu la matumizi ya kaya: unga, nauli, pango, nguo. Mbolea unayotia shambani haimo humo. Mwaka 2022 wastani wa mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 4.3, ndani ya lengo la Benki Kuu. Mwaka huo huo mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita shilingi 120,000 kabla ya ruzuku ya serikali kuushusha hadi 70,000. Gesi asilia inayotumika kutengenezea mbolea ilikuwa imepanda bei duniani, kisha vita vya Ukraine vikaongeza moto. Nchi ilikuwa imetulia, lakini mkulima alikuwa anaungua.

Ndiyo maana nakusihi uwe na kapu lako mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi andika katika daftari bei ya debe la mahindi, bei ya mfuko wa mbolea na ujira wa kibarua kwa ekari. Kisha jiulize: mfuko mmoja wa mbolea unakula madebe mangapi? Madebe yakiongezeka, mahindi yako yamechoka mbele ya mbolea, hata kama bei yake imepanda.

Sasa fanya hivi. Uza kiasi cha kulipa madeni, ada na mahitaji ya nyumbani. Fedha ya mbolea igeuze kuwa mbolea mapema, kabla haijapata kazi nyingine. Hakikisha taarifa zako kwenye daftari la usajili wa wakulima zimehuishwa kijijini ili ruzuku isikupite. Mahindi yanayobaki yakaushe hadi unyevu wa asilimia 13, uyafunge kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Dumuzi hula mtaji haraka kuliko mfumuko wowote. Wala usishikilie magunia yote ukingoja Januari, kwani bei ya mahindi nayo yaweza kuanguka.

Vivyo hivyo, anayekodisha shamba lake kwa miaka mitatu asikubali kiwango kimoja cha shilingi tangu mwanzo hadi mwisho. Patanieni kwa magunia, au mkubaliane kukaa upya kila msimu.

Mbolea uliyonunua mapema, hasa urea, iweke juu ya chaga, mbali na ukuta, mfuko ukiwa umefungwa, maana hunyonya unyevu ikawa mawe. Mbegu chotara isubiri hadi msimu ukaribie; hiyo ikikaa kwenye joto hupoteza uotaji, na hapo bei nafuu ya Julai haitakusaidia.