Herufi Moja Katika Tiba ya Mionzi
Kompyuta iliyomo ndani ya mashine ya tiba hupokea maagizo herufi moja baada ya nyingine, kadiri vitufe vinavyobonyezwa. Programu salama huendelea kusoma kila badiliko, kisha hulinganisha agizo la mwisho na hali halisi ya mashine kabla ya kutoa mionzi.

Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mhudumu wa mashine ya Therac-25 aliandika "x" ya eksirei badala ya "e" ya elektroni, akaisahihisha upesi. Skrini ilionyesha "e". Lakini programu, iliyokuwa ikipanga sumaku kwa takriban sekunde 8, haikulitambua badiliko hilo. Mashine ilisimama, ikaonyesha hitilafu namba 54 na kwamba mgonjwa amepata vipimo 6 tu kati ya 202. Mhudumu akabonyeza "p" ili kuendelea. Kumbe mgonjwa alikwisha kupata mionzi kupita kiasi, akapigwa tena. Miezi mitano baadaye alifariki.

Mhudumu asipite hitilafu asiyoielewa: asitishe tiba, aite mtaalamu. Mgonjwa akihisi kuungua, aseme papo hapo, naye asadikiwe kuliko skrini.