SOMO LA KILIMO: NONDO WA MATUNDA

Wenye bustani wa Subukia, Bahati na Rongai humjua sana funza anayekutwa ndani ya chungwa au pera. Wako wadhanio kwamba funza huyo huzaliwa na uozo wa tunda. Sivyo. Yeye ni mtoto wa nondo, na atakaye kumshinda yampasa kwanza kuyajua maisha yake.

Wataalamu humwita nondo huyo Thaumatotibia leucotreta, na asili yake ni Afrika hii hii. Ni mdogo, rangi yake kijivu na kahawia. Huruka usiku na mchana hujificha. Kwa hiyo mkulima huiona hasara asimwone aliyeileta.

Yai. Jike hutaga mayai yake moja moja juu ya ganda la tunda. Yai ni bapa, upana wake kama milimita moja, na jike mmoja aweza kutaga mamia. Penye joto huanguliwa kwa siku chache. Penye baridi hukawia hata majuma matatu.

Funza. Mara atokapo yaini hutoboa ganda na kuingia ndani. Akisha kuingia, dawa inyunyizwayo juu ya mti haimpati tena. Mwanzo ni mweupe mwenye kichwa cheusi. Akikomaa huwa na wekundu, urefu wake milimita 15 hadi 20. Tunda aliloliingia huiva kabla ya wakati wake, kisha huanguka.

Pupa. Funza aliyekomaa hutoka tundani, akajifumia kifuko cha nyuzi katika udongo chini ya mti. Humo hugeuka, na baada ya majuma kadhaa hutoka nondo mpya.

Tena mdudu huyu hana msimu wa kulala. Machungwa yakiisha huhamia mapera, pilipili hoho, hata mbarika ziotazo mpakani mwa shamba; vizazi vyake hufuatana mwaka mzima.

Hasara yake haikomi bustanini. Huko Naivasha huingia hata katika matumba ya waridi, na maua hayo ni riziki ya maelfu ya wafanyakazi. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti juu ya pilipili hoho na machungwa kwa sababu ya nondo huyu, na tangu Aprili 2025 masharti makali yahusu waridi pia. Funza mmoja akionekana, shehena nzima yaweza kukataliwa.

Basi mkulima afanyeje? Aokote matunda yote yaliyoanguka, na kuchuma yaliyotobolewa, angalau mara moja kila juma. Asiyatupe katika lundo la samadi, maana funza atatoka humo akiwa mzima. Ayafunge katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani siku kadhaa, au ayafukie chini sentimita 50. Mitego yenye harufu ya jike hunasa madume na kumjulisha mkulima kwamba nondo wamefika. Lakini mitego peke yake haitoshi.

Tena kazi hii yataka majirani wote. Nondo hajui mpaka wa shamba. Mmoja akiokota na mwenzake akaacha matunda yaoze chini, wote wawili watavuna funza.