Mzigo Unapochelewa Baada ya Sikukuu: Somo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Kibaha na Kisarawe

Kila mwaka, pilikapilika za Krismasi na Mwaka Mpya zikishatulia na shule zikishafunguliwa, maduka mengi ya Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe mjini huingia katika kipindi kigumu ambacho wananchi wamekipa jina la utani: Njaanuari. Kwa kawaida lawama humwangukia mteja, kwamba amemaliza fedha katika sikukuu, kisha amebanwa na sare na madaftari ya watoto. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili huonekana Februari na Machi, pale mteja anaporudi na fedha mkononi na kukuta rafu haina anachokitafuta, kwa kuwa mzigo haujafika.

Makala hii inaeleza kwa nini mizigo huchelewa katika miezi hiyo, hasara inayompata mfanyabiashara asiyejiandaa, na namna ya kupanga ununuzi ili mtaji mdogo usipotee.

Misimu ya biashara si jambo geni

Wakazi wa Pwani wameishi na misimu ya usafirishaji kwa karne nyingi. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na upepo wa kusi ndio uliowarudisha mabaharia makwao. Mfanyabiashara wa Bagamoyo wa enzi hizo hakuulaumu upepo. Aliujua, akapanga manunuzi na madeni yake kwa kuufuata. Meli za leo zina injini na haziusubiri upepo. Hata hivyo, kalenda ya misimu haikufutika, bali imebadilika: sasa inafuata viwanda, sikukuu na ratiba za kampuni za meli.

Sababu za kuchelewa

Sababu ya kwanza ni Mwaka Mpya wa China. Sehemu kubwa ya nguo, viatu, vyombo vya nyumbani, vifaa vya simu na vipuri vya pikipiki vinavyouzwa Kariakoo, na kutoka hapo kufika Kibaha na Kisarawe, hutengenezwa nchini China. Sikukuu hiyo hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo tarehe yake huhama kila mwaka kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20. Mwaka 2025 ilikuwa Januari 29, mwaka 2026 ni Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Mapumziko rasmi huchukua takriban wiki moja, lakini wafanyakazi wengi husafiri kwenda mikoa yao ya mbali, na viwanda vingi husimama kwa wiki mbili hadi nne kabla uzalishaji haujarudi katika hali yake.

Sababu ya pili ni meli zenyewe. Wiki chache kabla ya sikukuu hiyo, kila mnunuzi hutaka mzigo wake utoke, hivyo nafasi hugombewa na nauli hupanda. Baada ya sikukuu, mizigo hupungua bandarini na kampuni za meli hufuta baadhi ya safari ili zisisafiri tupu. Mzigo uliokosa meli moja hulazimika kusubiri nyingine. Katika hali ya kawaida safari ya bahari kutoka China hadi Dar es Salaam huchukua wiki tatu hadi tano, na huweza kuzidi hapo iwapo kontena litashushwa na kupakiwa upya katika bandari ya kati kama Singapore au Colombo.

Sababu ya tatu ni mzigo wa kuchangia kontena. Mfanyabiashara mdogo hana bidhaa za kujaza kontena zima. Mzigo wake huunganishwa na wa wengine kupitia wakala. Kontena lisipojaa, haliondoki. Likifika, kasoro ya nyaraka za mtu mmoja huweza kuchelewesha mizigo ya wote waliomo.

Sababu ya nne ipo hapa nyumbani. Mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari, Barabara ya Morogoro hubeba wasafiri wengi wanaokwenda na kurudi mikoani, na vifurushi vinavyotumwa kwa mabasi hupata nafasi finyu. Kuanzia Machi mvua za masika hufika, na barabara za vumbi za vijijini, zikiwamo za upande wa Maneromango na Mzenga wilayani Kisarawe, huwa ngumu kupitika kwa kirikuu na bodaboda. Mzigo uliochelewa baharini hujikuta ukichelewa mara ya pili ukiwa umekaribia nyumbani.

Mabadiliko makubwa ya miundombinu yanaendelea. Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, iliyopo Wilaya ya Kibaha, pamoja na safari za treni ya mizigo ya reli ya kisasa. Kusudi lake ni kuyaondoa makontena Bandari ya Dar es Salaam kwa haraka na kupunguza msongamano wa malori. Hata hivyo, wananchi wazingatie kwamba bandari kavu huharakisha mzigo uliokwisha kufika nchini; haiwezi kuuharakisha mzigo ambao bado haujatoka kiwandani.

Idd na hesabu ya kurudi nyuma

Kwa wakazi wa Pwani lipo jambo moja linaloongeza uzito wa somo hili. Katika miaka hii, Mwaka Mpya wa China unakaribiana mno na mwezi wa Ramadhani, na hivyo na maandalizi ya Idd el-Fitri. Mwaka 2027, Idd inatarajiwa takriban Machi 10, kutegemea kuandama kwa mwezi. Muuza nguo na viatu vya watoto anayetaka bidhaa ziwe dukani Mlandizi ifikapo Februari 20 anapaswa kuhesabu kwa kurudi nyuma.

Akitoa wiki mbili za forodha na usambazaji, meli inatakiwa kufika Februari 6. Akitoa wiki tano za bahari, meli inatakiwa kuondoka karibu na Januari 2. Akitoa wiki moja ya kukusanya mizigo ya kontena na wiki tatu za kutengeneza bidhaa, oda inatakiwa kulipiwa karibu na Desemba 5. Kwa maneno mengine, biashara ya Idd huamuliwa kabla ya Krismasi. Anayeagiza Januari hununua bidhaa za Idd zitakazofika baada ya Idd.

Hesabu hii inamhusu pia anayenunua kwa jumla Kariakoo, hata kama hajawahi kuagiza chochote nje. Yeye hana haja ya kujua ratiba ya meli, lakini ana haja ya kumuuliza muuzaji wake mapema Januari: mzigo uliopo utatosha hadi lini, na mzigo mpya umeshapanda meli au bado?

Gharama ya kutopanga

Chukulia mfano wa mfanyabiashara aliyekopa shilingi 1,500,000 kutoka kikundi chake na kuzilipia nguo zote kwa mkupuo. Marejesho yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na kodi ya fremu ni shilingi 80,000. Mzigo ukichelewa miezi miwili, atadaiwa shilingi 460,000 kabla hajauza nguo hata moja. Kiasi hicho ni karibu theluthi moja ya mtaji aliokopa. Asipokuwa na akiba, wengi wa hali yake hukimbilia mikopo ya kausha damu, na faida yote ya mzigo huishia kwa mkopeshaji. Duka la namna hiyo huweza kufungwa ilhali wateja wapo na bidhaa zipo njiani.

Hatua zinazoshauriwa

Kwanza, mfanyabiashara aandike daftarini tarehe tatu za kila mwaka: Mwaka Mpya wa China, mwanzo wa Ramadhani na mwanzo wa masika. Tarehe mbili za kwanza huhama, hivyo zikaguliwe upya kila mwaka.

Pili, faida ya Desemba isitumike yote. Sehemu itengwe kulipia kodi na marejesho ya miezi miwili. Akiba haiozi.

Tatu, mtaji ugawanywe. Sehemu iagize bidhaa za mbali, na sehemu inunue zinazopatikana karibu: unga, sabuni, muhogo na machungwa ya Kisarawe, au bidhaa za viwanda vilivyomo mkoani, ambavyo havifuati kalenda ya China.

Nne, mteja aelezwe ukweli. Anayechukua malipo ya awali aandike risiti yenye tarehe inayowezekana, wala asiahidi wiki mbili kwa mzigo wa wiki kumi.

Tano, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, vionyeshe katika andiko la mradi muda halisi wa mzigo kufika, ili ratiba ya marejesho iendane na mauzo.

Ushauri kuhusu mikopo hiyo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na masuala ya leseni na biashara hushughulikiwa na Afisa Biashara wa halmashauri. Ni vyema wananchi wafike katika ofisi hizo kabla ya Desemba, wakati fedha ingali mkononi na uamuzi ungali unawezekana.