Nderema na Karakara Ukutani: Anza na Chombo Kabla ya Mbegu

Ukipita kwenye vichochoro vya Komarock utaona ndoo na mitungi chini ya kuta, mche ndani yake umenyauka. Mwenyewe atakwambia mbegu zilikuwa mbaya. Mara nyingi kosa huwa ni chombo chenyewe, au udongo uliomo.

Sehemu kubwa ya Embakasi ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, huvimba na kunata. Ukikauka, hupasuka na kukata mizizi. Shambani mizizi ina pa kukimbilia, lakini ndani ya ndoo haina. Changanya madebe mawili ya udongo mwekundu, moja la samadi iliyooza vizuri na moja la mchanga. Toboa matundu matano au sita chini ya chombo, kisha ukiinue juu ya mawe ili maji yatoke. Mtungi uliowahi kubeba dawa ya wadudu usiutumie kabisa, hata ukiuosha mara kumi.

Nderema hutosheka na ndoo ya lita 20. Chomeka kipande cha shina chenye vifundo vitatu. Baada ya wiki sita hadi nane hivi utaanza kuchuma mboga. Karakara ni jambo lingine: hutaka chombo cha lita 50 au zaidi, na subira ya karibu mwaka mzima. Mimi nilipanda wangu kwenye ndoo ya lita 10. Ulipanda kwa mbwembwe hadi dirishani, kisha Januari ukakauka bila kutoa hata ua moja.

Januari hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hivyo kuanzia Oktoba hadi Februari jua la mchana huegemea kusini, na ukuta wa upande huo huchomeka wakati wa kiangazi. Ukuta wa mashariki ndio bora: hupata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Kama una ukuta wa magharibi pekee, weka chombo futi moja mbali nao na ufunike udongo kwa nyasi kavu.

Maji ndiyo mtihani, hasa siku za mgao. Ndoo ya lita 20 yaweza kunywa lita moja au mbili kwa siku ya jua kali. Maji uliyooshea sukuma wiki yanafaa. Ya mtaro wa majitaka hayafai kamwe, kwani mboga itabeba magonjwa hadi mezani.

Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inatambua kilimo cha aina hii. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba, na badala ya kupigilia misumari ukutani, asimamishe fito ndani ya chombo na kufunga kamba za katani. Mmea usifikie mita ya stima wala nyaya zake.